Mashahidi Wawili na Bwawa la Kupulizwa

Jumapili moja mwezi uliopita, rais wa tawi letu, yaani kiongozi wa kusanyiko, alisimama akaomba kila anayependa kunishukuru kwa kazi niliyofanya ainue mkono. Mikono ikainuka, ikashuka, na miaka yangu kumi na tisa ya kulea vijana wa kanisa hapa Guangzhou ikaishia hapo, kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai. Ndivyo desturi yetu ilivyo. Sisi ambao watu hutuita Wamormoni hatuna mchungaji wa kulipwa. Unaitwa, unafanya, na siku moja unapumzishwa. Kwa hiyo msiniulize habari za kupandishwa cheo. Cheo nilichoanza nacho ndicho nilichomaliza nacho, na mshahara mnaujua.

Naandika haya kwa ajili yenu wawili, mume na mke, mliochukua nafasi yangu huku mkiwa bado mnahangaika na masomo ya chuo kikuu. Mlinijia na daftari jipya mkaniuliza, "Ndugu Yona, tuanzie wapi?" Nilifurahi mno hata nikasahau kujibu. Basi jibu ni hili, na ni refu. Mengi yake yanahusu mambo yaliyobadilika, na lililo kubwa kuliko yote linamhusu msichana mmoja niliyekaribia kumpoteza kwa sababu mimi mwenyewe sikubadilika nayo.

Riziki yangu ilikuwa mizigo. Nilitoka Tanga, nikabatizwa Nairobi nilipokuwa natafuta maisha, kisha nikaja China kuwa wakala wa mizigo ndani ya Tianxiu Dasha, jengo refu la wafanyabiashara hapa Guangzhou. Jirani yangu wa ofisi alikuwa Bwana Salim, Mzanzibari, mtu wa swala tano na mizaha sita. Alipogundua kwamba dini yangu hainiruhusu kunywa chai, aliweka kikombe chake chini akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Yona, Mungu amekukataza chai, halafu akakuleta China?" akasema. "Ama kweli wewe umepimwa."

Alisema kweli. Katika mji huu huwezi kuuliza bei ya kufuli kabla hujamiminiwa chai. Nimekunywa maji ya moto kwenye vikombe vidogo mpaka wenye viwanda wakaamini nina ugonjwa wa tumbo.

Jumapili yangu ya kwanza nilikwenda ibadani na begi la sampuli begani, maana nilitoka moja kwa moja sokoni. Tulikutana kwenye ghorofa ya kukodi, wageni watupu. Sheria ya hapa ni kwamba ibada yetu ni ya wenye pasipoti za nje. Wenyeji wana ya kwao, na sisi haturuhusiwi kumhubiria mtu. Fikirieni basi. Dini inayojulikana dunia nzima kwa vijana wawili wenye mashati meupe wanaobisha hodi, na sisi kwa miaka yote hiyo hatukubisha mlango wa mtu hata mmoja.

Mlangoni nilipokelewa na Ndugu Wafula, Mkenya aliyekuwa anasoma udaktari wa mambo ya udongo, ambaye ndiye aliyekuwa akiwalea vijana wa kiume. Aliuliza kazi yangu. Nilipomjibu, akanipiga bega.

"Unafunga mizigo? Basi mafundo unayajua. Wiki ijayo uko na mimi."

Enzi hizo vijana wa kiume walikuwa na uskauti: mafundo, kambi, beji za kushonwa kwenye mkono wa shati. Kikosi chetu hakikusajiliwa popote, tulifuata kitabu tu. Wasichana walikuwa na mpango wao pembeni, na kusema kweli ulikuwa na mapishi mengi kuliko safari. Jumapili ilikuwa ya saa tatu nzima. Baada ya ibada ya sakramenti lilikuja darasa, na baada ya darasa likaja darasa jingine, na kufikia la mwisho hata malaika wangeomba ruhusa ya kwenda msalani.

Somo langu la kwanza lilikuwa janga. Nilikuwa na wavulana wanne. Nilizungumza dakika arobaini juu ya uaminifu, nikinyoosha kidole, nikitoa mifano ya makontena. Mmoja alilala na mdomo wazi. Wafula alikaa nyuma akisikiliza, na tulipotoka akanikamata kwenye lifti.

"Buda, umewahubiria mpaka wamezima," akaniambia. "Hawa hawataki sermon. Kijana mpatie job. Akikosa job, utamtafuta huko nje."

Hilo ndilo somo lote la ualimu nililowahi kupewa, na ningekuwa na akili ningelitundika ukutani. Wiki iliyofuata nilileta kamba za kufungia katoni. Jamani! Wale wavulana walifunga viti, wakafunga meza, wakamfunga Wafula. Nikajifunza kwamba fundo la kitabuni ni zuri, ila la mpakiaji wa Tianxiu halifunguki, na ilibidi tutafute kisu.

Kazi yao kubwa ilikuwa Jumapili. Kwetu mvulana akitimiza miaka kumi na miwili huanza kupitisha mkate na maji ya sakramenti kwa waumini, na wakubwa zake huumega mkate mezani wakati watu wanaimba. Sasa mkate wa Guangzhou, wenzangu, si wa kuaminika. Kuna kijana nilimkabidhi kuununua. Akaleta mkate mzuri, wa kahawia, unang'aa. Wimbo ukaanza, akaumega, na ndani yake yakatokea maharage matamu yaliyopondwa. Aliniangalia. Nilimwangalia. Waumini walikuwa wamefika ubeti wa pili. Yule kijana, Mungu ambariki, alianza kumega kingo tu, vipande vidogo kama vya kulishia ndege, na watu wakaimba wimbo wote mara mbili. Kuanzia hapo kanuni yetu ni moja: mkate upasuliwe Jumamosi, na anayeupasua ni mwenye kuununua. Liandikeni hilo kwenye daftari lenu.

Wafula alimaliza masomo akarudi Kenya, nami nikabaki na filimbi yake na vijana wake. Ndipo mabadiliko yalipoanza kuja, moja baada ya jingine, na lazima niseme wazi kwamba niliyapenda. Wapo waliolalamika. Mimi nilikuwa kama mtu aliyeletewa mzigo mpya, nataka kufungua hapo hapo.

Ile Jumapili ya saa tatu ilipunguzwa ikawa saa mbili. Siku ilipotangazwa vijana walishangilia kana kwamba timu imefunga bao, na rais wa tawi akajifanya anatafuta miwani. Zamani tulitembeleana majumbani kila mwezi na kutoa taarifa ya nyumba tulizofika, na wapo waliokuwa wanabisha hodi tarehe ya mwisho ya mwezi, wanasema dua wakiwa wamesimama, wanaondoka. Hilo liliondolewa, tukaambiwa tuhudumiane tu kadiri ya haja ya mtu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto aliyekwenda misheni. Zamani angesikia sauti yake mara mbili kwa mwaka. Wamisionari waliporuhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki, alilia kwa furaha. Baada ya miezi mitatu akaniambia, "Sasa ananisumbua. Kila wiki anataka nimweleze namna ya kupika mchuzi."

Kisha uskauti ukaondoka. Hilo liliniuma, sifichi. Nilikaa na sanduku la kamba na beji miguuni pangu nikajiona nimefilisika. Nikampigia Wafula.

"Beji ilikuwa tu sherehe," akasema. "Kamba usitupe. Mpango wowote wakileta, wewe uliza swali moja: huyu kijana ana job gani?"

Mpango mpya ulikuwa wa wavulana na wasichana pamoja, kila mmoja akijiwekea malengo yake: ya kiroho, ya mwili, ya akili, ya kuishi na watu. Nilisisimka! Kijana mmoja alijiwekea lengo la kuongea na bibi yake kila Ijumaa. Mwingine, la kuamka kabla ya mama yake, lakini hilo halikufika mbali. Mwezi ule ule ulisomwa pia waraka mwingine. Ulisema kwamba tangu sasa shahidi wa ubatizo aweza kuwa muumini yeyote aliyebatizwa, mwanamke, msichana, hata mtoto. Zamani ilikuwa lazima wawe wanaume wawili wenye ukuhani. Niliusikia, nikaitikia kwa kichwa, nikausifu, nikaweka nakala kwenye faili. Tawi letu ni dogo na halihubiri, kwa hiyo ubatizo kwetu hutokea mara chache kama harusi ya mzee. Hakukuwa na nafasi ya kuutumia. Baadaye ukaja ule wakati wa watu kufungiwa ndani, tukasali mbele ya skrini, kila mtu na mkate wake, na faili likakaa ofisini likikusanya vumbi.

Tulipoanza tena kukutana ana kwa ana, alikuja Odette. Ni mama wa Lubumbashi anayenunua vitenge kwenye soko la vitambaa la Zhongda na kupeleka kwao, mwepesi wa maneno na mwepesi zaidi wa kupunguza bei. Mume wake yuko Kongo na si wa kanisa letu. Alikuwa na watoto wawili: Mapendo, miaka kumi na mitatu, na Eliya, miaka saba. Eliya alijitambulisha kwa kila mtu huku akionyesha mapengo ya meno yaliyong'oka. Mapendo alibaki nyuma ya mama yake. Alisalimia kwa kichwa.

Jumapili ya tatu nilimkuta kwenye ngazi za dharura, nje ya ukumbi, simu mkononi. Ya nne vilevile. Mama yake alinivuta pembeni.

"Frère Yona, minaomba unisaidie," akasema. "Huyu mutoto anakatala kuingia mu classe. Kule Lubumbashi alikuwa anaimba, anasema, anacheka. Hapa amefunga kinywa. Minaogopa atatoka kabisa."

Nilikwenda nikaketi naye ngazini. Nikajaribu hadithi, nikajaribu mzaha wa mkate wenye maharage. Akatabasamu kidogo, kwa adabu tu. Halafu akaniuliza, taratibu, bila hasira:

"Ndugu Yona, wavulana wanapitisha mkate. Wakubwa wanaumega. Mimi kazi yangu ni gani?"

Nikalikwepa swali. Mimi, mwanafunzi wa Wafula! Nikasema kitu kuhusu malengo, na kuhusu kuwa mfano mwema. Aliitikia, "Sawa," akarudi kwenye simu yake. Nilishuka ngazi zile nikiwa na aibu, na kwa wiki kadhaa nilimpa vijikazi vya kubuni: gawa vitabu vya nyimbo, panga viti. Msichana wa miaka kumi na mitatu anaijua kazi ya kubuni hata ukiifunga kwa utepe. Akagawa vitabu, akarudi ngazini.

Mwaka ulipita hivyo. Eliya akatimiza miaka minane, umri wa kubatizwa kwetu, na Odette akaniomba nimbatize mimi kwa kuwa baba yake hayupo. Nilifurahi nikakimbilia maandalizi. Hatuna kisima cha ubatizo, na bwawa la jengo analoishi rais wa tawi lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Nikaenda soko la jumla la vitu vya watoto kutafuta bwawa la kupulizwa. Mama muuzaji alinionyesha moja kubwa, la bluu, lenye picha za pengwini.

"Laoban, nataka moja," nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni, nikimwita bosi.

"Yi ge bu mai!" akanikemea, yaani moja haliuzwi. Katoni lina mabwawa kumi na mawili, chukua au acha.

Nilibembeleza, nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Akaniuliza mtu mzima kama mimi anataka bwawa la nini. Nikasema ni la mtoto, na huo haukuwa uongo. Mwisho aliniuzia lile la maonyesho, limefifia upande mmoja. Bwana Salim aliniazima pampu na toroli, akanisindikiza mpaka kwenye lifti akiniuliza kama pengwini nao wataokoka.

Jumatano yake Odette alikuja ofisini kujaza fomu, pamoja na watoto. Nikaandika jina la Eliya, jina langu, na kwenye mstari wa mashahidi nikaandika rais wa tawi na Ndugu mwingine, mkono ukienda wenyewe kama ulivyozoea. Mapendo alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilisikia sauti ambayo nilikuwa sijaizoea.

"Kwa nini wanaume wawili?"

Nikageuka. Alikuwa ameshika simu yake, ile ile ya ngazini, na kwenye kioo palikuwa na kitabu cha maelekezo cha kanisa.

"Hapa wanasema muumini yeyote aliyebatizwa," akasema. "Nimesoma mara mbili. Mimi nilibatizwa Lubumbashi. Basi si mimi ni yeyote?"

Wenzangu, nimewahi kupoteza kontena zima bandarini na sikuona aibu kama ile. Waraka nilikuwa nao kwenye faili, mita moja kutoka nilipoketi. Nilikuwa nimeusifu! Mwaka mzima nilikuwa nikimtafutia yule mtoto kazi chini ya viti na ndani ya vitabu vya nyimbo, na kazi ya kweli ilikuwa imekaa kabatini ikingoja mtu aifungue. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya mama yake, kwamba nimekosa na kwamba kosa ni langu peke yangu. Nikakata jina la yule Ndugu, nikaandika la Mapendo kwa herufi kubwa.

Hapo hapo akaingiwa na hofu. "Nitafanya nini?"

"Utasimama karibu na maji," nikamwambia. "Utasikiliza kama nimesema maneno ya sala yote, bila kukosea hata moja. Halafu utaangalia kama Eliya amezama wote. Wote, Mapendo. Kikibaki nje hata kidole, ubatizo bado haujawa, narudia upya."

"Na nikiona kimebaki?"

"Unasema."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote."

Akaizima simu yake. Odette alinitazama kwa jicho la kuniuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Jumamosi tulijaza bwawa pale ukumbini kwa mpira wa maji, saa nzima na nusu, na maji yakafika juu kidogo ya magoti yangu. Tulivaa nyeupe, mimi na Eliya, katikati ya pengwini. Watu walikaa kwenye viti, akina mama mbele. Rais alisimama kulia, Mapendo kushoto, mikono amefumbata, midomo amebana. Niliinua mkono, nikasema sala, nikamlaza Eliya majini na kumwinua. Alitoka anakohoa na kucheka. Mtu mmoja tayari alikuwa amefungua taulo. Rais, ambaye maji yalikuwa yamemrukia kwenye miwani, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Nikamtazama Mapendo. Uso wake ulikuwa umekakamaa. Nilijua ameona kitu, maana mimi mwenyewe nilihisi uzito wa mguu ukiniponyoka mkononi. Sikutaka kumsaidia, maana ningesema mimi, kazi ingekuwa yangu. Ukumbi mzima ukangoja. Eliya akaanza kutetemeka.

"Mapendo," mama yake akamnong'oneza, "acha, chérie, imetosha."

"Haikutosha," akasema Mapendo. Sauti ilianza ndogo, halafu ikakaa sawa. "Kisigino cha kulia kilibaki nje. Nimekiona. Rudia, Ndugu Yona."

Rais akavua miwani. Akina mama wakageuziana macho. Nami nilitaka kupiga vigelegele mle mle bwawani! Nikasema sala upya, nikamlaza upya. Safari hii goti likachomoza.

"Goti," akasema, bila kungoja kutazamwa. "Rudia."

Mara ya tatu nilimkunja yule mtoto kama nguo ya kwenda sandukuni, nikamzamisha mpaka maji yakamwagika kwenye viatu vya watu wa mbele. Alipoinuka hakuna aliyemtazama rais. Wote, pamoja na rais mwenyewe, walimgeukia binti wa miaka kumi na minne aliyeinama juu ya maji. Alikagua. Hakuwa na haraka yoyote.

"Sasa ndiyo," akasema.

"Asante, Dada Mapendo," nikamjibu, nikamwita kama tunavyomwita mwanamke mzima kanisani, na hakuna aliyeona nimekosea. Odette alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, Eliya kamng'ang'ania kiunoni na kumlowesha.

Baada ya kubadili nguo nilimletea fomu. Alisoma kila mstari kabla ya kuandika jina lake, la rais likiwa chini yake. Akanirudishia kalamu, akatazama watu waliokuwa wanakula keki, mmoja mmoja, kwa makini ya mtu aliye kazini.

"Ndugu Yona," akaniuliza, "nani anafuata?"